Mvua ya Uwanjani

Redio haitaki kimya. Hilo ndilo la kwanza nililofundishwa Paris, kabla redio yangu ya Kifaransa haijanileta London kutangaza mpira, na kabla sijaanza kuandika vitabu vya kujifanya naujua mchezo huu.

Jumamosi moja beki wa kushoto alianguka peke yake, bila kuguswa na mtu. Nilimjua tangu utotoni mwake. Mama yake, Mkongo mwenzangu, tunasali naye kanisa moja Lewisham. Mechi za mwanawe hawezi kuzitazama kwa hofu, kwa hiyo hunisikiliza mimi, huku akipika.

Madaktari walikimbia. Wachezaji wakamzunguka, wametugeuzia migongo, mmoja akilia waziwazi. Mkubwa wangu kule Paris akanifokea kupitia vifaa vya masikioni: "Sema! Sema chochote!" Mjinga yule. Nilikuwa namwona yule mama jikoni kwake, mwiko mkononi. Ningemwambia nini? Nikaanza kueleza mvua. Yalikuwa manyunyu tu, lakini niliyaeleza yanavyoangukia nyasi na makoti ya mashabiki, mpaka machela ikatoka nje.

Kijana alipona, namshukuru Mungu. Jumapili moja mama yake alinishika mkono mlangoni pa kanisa.

"Kaka, wewe huwa huzungumzii mvua," alisema. "Ulipoianza tu, nikajua ni mwanangu."

Siku hizi hata mvua inyeshe namna gani uwanjani, siitaji redioni. Naogopa kuna mama anasikiliza.