Waya Nilioona Haya Kuuvuta

Watu wa mji wetu wa Baraka wakitaka kunichokoza hawanitukani. Wanapita mbele ya meza yangu, wanasimama, wananiuliza kwa upole wote, kama watu wanaomjulia hali mgonjwa: "Mama Wabiwa, waya iko wapi?" Halafu wanaenda zao wakicheka na mimi nabaki na aibu yangu. Leo nitaieleza mwenyewe toka mwanzo, maana nimechoka kuisikia ikielezwa na watu ambao hawakuwepo, wanaoitia chumvi mpaka eti nilimkata mtu sikio. Sikumkata mtu sikio. Nilichofanya kilikuwa kibaya kuliko hicho.

Ilikuwa miaka ile vita vilipokuwa kwetu kama mgeni asiyejua kuaga, anafika mlangoni, mnashukuru, anarudi kukaa. Tulikuwa tumevuka ziwa kukimbilia Tanzania, tukaishi kambini, tukarudi Baraka na kukuta soko la njia ya milimani limefungwa. Na soko lile ndilo lililokuwa linatulisha. Sisi wa ziwani tulipandisha ndakala, wale dagaa wetu, chumvi na sabuni, na watu wa juu, wale wafugaji wa upande wa Minembwe, waliteremsha ng'ombe, maziwa, maharage na viazi, kila mtu akarudi kwake akilalamika kwamba amepunjwa (ambayo ndiyo raha ya soko). Vita vikaingia katikati, watu wakauana, njia ikabaki ya wenye bunduki tu. Mama yangu mzazi alijaribu kupanda na kapu lake la ndakala, yeye na wenzake wakapigiwa risasi njiani, akarudi bila kapu na bila kiatu kimoja, na toka siku hiyo akawa anakaa uani akiitazama milima. Kwa hiyo niliposikia viongozi wa pande mbili watakutana Baraka kuandika makubaliano ya kufungua soko, nilijiapiza: karatasi hiyo itatoka, na itatoka mikononi mwangu.

Walikuwa wameshajaribu mara moja kwa kalamu. Kila upande ukasema mwenzake ameongeza mstari, wakarushiana karatasi, ikaishia hapo. Safari hii kamati ya mkutano ilitaka maandishi ya mashine, nakala mbili zinazofanana, zisomwe, zichapwe na kutiwa sahihi palepale kabla mtu hajaondoka. Nani anajua mashine? Nikanyoosha mkono. (Kambini nilijifunza kuandika kwa kompyuta, na nilikuwa na spidi, hilo hata wasionipenda wanalikubali.) Kamati ilikuwa imeazima printa lakini kompyuta hawana. Nikasema mimi ninayo. Sikuwa nayo. Nilikuwa na akiba yangu ya ndakala na kichwa kigumu, basi.

Mume wangu Etabo ni muuguzi, na kwenye kituo chake cha afya wanatumia laptop ya zamani, wakati wa umeme na wakati wa giza. Nilipomwambia naenda mjini Uvira kununua ya kwangu hakubisha, maana ananijua. Alinipa agizo moja tu: "Usinunue sura. Utoe waya mbele ya macho ya muuzaji, ukae na ile masini muda ya kuivisha sombe. Kama inazimika, uache palepale, hata akulilie." Sombe, yale majani ya mihogo, haliivi haraka, mpishi yeyote anajua. Nikaona ni ushauri mzuri, nikaupokea, nikaubeba mpaka Uvira bila kuumwaga.

Dukani kulikuwa na laptop mbili nilizoziweza. Moja ndogo, nyeusi, mfuniko umekwaruzwa kama sufuria ya matanga, herufi zimeanza kufutika. Nyingine kubwa, rangi ya fedha, kioo kipana, inang'aa mpaka nikajiona sura yangu na vumbi lote la njia. Zote mbili zilikuwa zimewashwa na zote mbili zilikuwa na waya ukutani. Nikanyoosha mkono nivute. Hapo hapo akaingia mama mmoja wa mjini, kitenge chake kipya, marashi yake yalitangulia, akautazama mkono wangu, akatazama ndala zangu, akamwambia muuzaji kwa sauti ya chini ambayo mtu husikia vizuri kuliko ya juu: "Hawa bamama ba Baraka, banazania kila kitu ni radio ya mawe." (Mawe kwetu ni betri.) Muuzaji akacheka kidogo. Mkono wangu ukarudi wenyewe. Kukaa pale na mashine muda wa kuivisha sombe huku yule mama ananitazama? Nikasema, kama mtu aliyezoea kununua vitu hivyo kila Jumamosi, nipatie ile kubwa. Hata bei sikupunguza. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo hivyo, na mengine yote yalizaliwa hapo.

Njiani niliivika kitenge na kuilaza chini ya unga kwa ajili ya vizuizi, maana askari akiona laptop atataka kujua unamwandikia nani. Nikafika Baraka jioni ya kuamkia mkutano. Etabo alikuwa kwenye zamu ya usiku, na nyumbani hatukuwa na umeme, basi nikaipangusa unga nikalala karibu nayo.

Asubuhi nikaiweka mezani mbele, kwenye ukumbi wa kanisa, nikachomeka waya kwenye jenereta iliyokuwa inaendesha kipaza sauti. Ikawaka vizuri. Watu wakapita kuiangalia kama wanavyopita kuangalia mtoto mchanga. Upande wa ziwani ulikuwa na Mzee Alimasi, mtu mkali mwenye kofia ya manyoya ambayo haivui hata kwenye joto. Upande wa juu kiongozi wao alikuwa Pasta Rugaza, mrefu, mpole, nywele zimeshamiri kwa sababu huko alikotoka mambo ya kunyoa yalikuwa ya mwisho. Aliinama juu ya mashine yangu akauliza: "Mama, na groupe ikizimika?" (Jenereta sisi tunaiita groupe.) Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu kwa sauti ili hata waliokaa nyuma wasikie: "Pasta, groupe ikufe, hii itaendelea tu."

Wakaanza. Wakagombana juu ya ng'ombe wanaoingia mashambani, wakagombana juu ya vijana wanaotoza watu njiani, wakapatana, wakagombana tena, mimi naandika, vidole vinacheza, najisikia mwanamke wa maana. Nje, dirishani, mama yangu na bamama wengine wa ndakala walikuwa wamesimama, wananitazama mimi, siyo viongozi. Basi jenereta ikakohoa mara mbili ikafa. Kipaza sauti kikafa. Na laptop yangu kubwa, rangi ya fedha, haikungoja hata kuulizwa, ikafa nayo, kioo kikawa cheusi tii, nikajiona sura yangu tena kama kule dukani, ila safari hii bila furaha.

Watu wote wakanigeukia. Mtu mwenye akili angesema: jamani, imezimika. Mimi nilitabasamu, nikaendelea kuandika. Ndiyo, niliendelea kubonyeza herufi kwenye mashine iliyokufa, naitikia kwa kichwa, nasema endeleeni, nawafuata, na wao, maskini, wakaendelea kwa sauti ya kupayuka kwa kuwa kipaza sauti hakipo, wakafika kwenye mambo yenyewe, siku ya soko, nani alinde njia, ng'ombe akiharibu shamba alipwe nani, na yote hayo nikayaandika hewani kwa spidi kubwa. Na ya mwanzoni pia yalikuwa yamekwenda, maana sikuwa nimehifadhi hata mstari. Kambini mwalimu ndiye aliyekuwa anatuhifadhia.

Mwisho Mzee Alimasi akasema basi, mama asome. Nikalikumbuka sombe ambalo sikulingoja Uvira. Nikasema nipeni muda kidogo nipange mistari vizuri, ninyi pumzikeni. Wakatoka kunyoosha miguu, lakini Pasta Rugaza alionya kwamba wasichelewe, kwao ni mbali na njia ya milimani haipitwi na giza, na kama wangeondoka bila karatasi hakuna aliyejua kama wangekubali kuteremka tena.

Basi nikaweka laptop kichwani, mama yangu akabeba printa bila kuuliza, tukaenda mbio kutafuta umeme, niandike upya ninayoyakumbuka. Jenereta nyingine iliyokuwa inalia karibu ilikuwa ya Swedi, kinyozi. Salon yake ni kibanda cha mbao, muziki unapiga mpaka mabati yanatetemeka. Ndani kulikuwa na kipande kimoja cha waya chenye matundu mawili, moja la redio, moja la mashine ya kunyolea. Swedi alikuwa anamnyoa mtu aliyefunikwa shuka mpaka kidevuni, amenipa mgongo, kichwa kimeinamishwa. Akaniambia: "Mama Wabiwa, iko muntu kwa kiti." Nikamwambia naona. Nikaona pia milima, na kapu la mama, na jua linavyokwenda, nikasema moyoni leo sioni haya tena mbele ya mtu yeyote. Nikavuta waya wa redio, nikachomeka printa. Nikavuta waya wa kunyolea, nikachomeka laptop.

Muziki ukakatika, na mashine ya kunyolea pia. Mtu kwenye kiti akainua kichwa akageuka. Alikuwa Pasta Rugaza. Alikuja kujinyoa ili atie sahihi akiwa mtu nadhifu, na upande mmoja wa kichwa chake uling'aa kama yai na upande mwingine ulikuwa bado kichaka. Ule waya nilioona haya kuuvuta Uvira nilikuja kuuvuta Baraka, kwenye kichwa cha kiongozi wa watu wa juu.

Kwa bahati mbaya vijana wake walikuwa mlangoni. Mmoja akamwona baba yao hivyo, katika mji ambao bado walikuwa wanauogopa, akauliza kwa hasira ni nani aliyemfedhehesha mzee. Nyuma yao vijana wetu wakaanza kusogea. Mama yangu akashika mkono wangu kwa nguvu. Niliogopa jamani, niliogopa kuliko tulipokuwa tunakimbia risasi za vita, kwa sababu hii risasi ningekuwa nimeipiga mimi. Pasta akajitazama kwenye kioo cha Swedi, kulia, kushoto, akawaambia vijana wake: "Mukae. Nywele itaota." Halafu akanigeukia: "Mama, usome basi ulichoandika."

"Hakuna kitu, pasta," nikasema. "Masini ilikufa pamoja na groupe. Nilikuwa napiga tu vidole."

Alinitazama, na ile nusu ya kichwa, na mimi nikatazama sakafu iliyojaa nywele zake. Kisha akasema: "Baite bote. Tutasema tena."

Wakaja wote, wakajazana kwenye kibanda cha Swedi, wengine kwenye benchi ya wateja, wengine mlangoni, Mzee Alimasi akakaa juu ya redio. Nikakiri mbele yao wote (Mzee Alimasi alisema maneno ambayo sitayarudia), na wakaanza upya. Na hapo nikaona jambo ambalo sijalisahau. Hakuna aliyekumbuka vizuri alichoahidi mwenyewe, lakini kila mmoja alikumbuka neno kwa neno alichoahidi mwenzake, akamshika nacho, "Ulisema, mzee, nilikusikia," na kwa kuwa walikuwa wamebanana magoti kwa magoti hakuna aliyeweza kusimama na kupayuka. Nikawa naandika na kuhifadhi, naandika na kuhifadhi, mpaka Swedi akaniuliza kama kile kidole cha kuhifadhia kinauma. Nakala mbili zikatoka, zikasomwa, zikatiwa sahihi juu ya meza ya vitana.

Swedi alitaka kumaliza ile nusu, lakini petroli ilikuwa imekwisha na watu wa juu wasingeweza kungoja. Ndipo Mzee Alimasi, bila kumtazama mtu, akavua kofia yake ya manyoya, mara ya kwanza naona kipara chake, akamvika Pasta Rugaza. Wakapandisha milima namna hiyo.

Soko likafunguliwa. Sitasema lilidumu daima, lilifungwa, likafunguliwa, likafungwa tena, ndivyo ilivyokuwa kwetu. Lakini siku ile ya kwanza mama yangu alipanda na kapu jipya, na watu wa juu waliteremka mpaka mjini, na Pasta Rugaza akaenda moja kwa moja kumrudishia Mzee Alimasi kofia yake, kisha akakaa kwenye kiti cha Swedi na kunitumia ujumbe: leo nanyoa mpaka mwisho, mwambieni yule mama ya masini abakie kwake. Nilikwenda hata hivyo, nikasimama mlangoni mikono nyuma, mpaka nywele ya mwisho ikaanguka.

Ile laptop kubwa haikuweza kuishi mbali na waya, basi ikabidi meza yangu nami tuhamie kwa Swedi, na hapo ndipo nilipoanzia kuandikia watu barua na maombi ya kazi, huku wateja wakishika vichwa vyao kila nilipoinuka. Nilipopata tena akiba nilirudi Uvira. Ile ndogo iliyokwaruzwa ilikuwa bado ipo. Nilivuta waya bila kuuliza, nikavuta kigoda, nikakaa na mashine magotini. Wakaingia watu wenye vitenge vipya, wakanitazama, wakanong'ona, nami nikawaamkia wote vizuri nikaendelea kukaa. Muuzaji akauliza nangoja nini. Nikamwambia nimeweka sombe motoni.