Bingwa wa Kukokota Baiskeli

Mtu akikaa miaka thelathini na moja katika masjala ya ofisi ya ardhi, akitoa faili na kurudisha faili, anastaafu akiwa na vipaji viwili: kujua kila kitu kinakaa wapi, na kutosema asichoulizwa. Mzee Masjala, kama walivyomwita kazini na baadaye mtaani, alivileta vyote viwili nyumbani, na haikupita miezi miwili mkewe akawa hoi. Vijiko vilipangwa kwa urefu. Viatu vilibandikwa namba. Mama wa watu akampigia simu binti yao, akamwambia baba yako anahitaji kitu cha kumtoa humu ndani, la sivyo nitatoka mimi.

Binti huyo, mtoto wao wa pekee, alikuwa mhandisi wa mitambo ya maji katika mji wa mbali, na kama wahandisi wengi alitatua tatizo kabla halijamaliza kuelezwa. Wiki haikwisha, sanduku likaletwa mlangoni. Ndani yake mlikuwa na baiskeli ya kukunja, ya kijani, magurudumu madogo kama ya kigari cha mtoto, pamoja na kijitabu cha maelezo. Kuikunja kulikuwa na hatua saba. Mzee akakisoma kijitabu mara tatu, akakunja, akakunjua, akakunja tena, na kufika jioni alikuwa akiimaliza kabla hujahesabu hadi kumi, macho kafumba. Hakuwa amefurahi hivyo tangu siku walipoletewa makabati mapya kazini.

Kulikuwa na kasoro moja tu. Mzee Masjala hakujua kuendesha baiskeli.

Hakupata kujua maishani. Alipokuwa mdogo, baiskeli ya nyumbani ilikuwa ya baba yake na haikuguswa na mtu. Alipokuwa kijana akaona aibu kuangukaanguka mbele ya watu. Alipokuwa mtu mzima ikawa siri, na siri ikikaa sana inaota mizizi, hata mkewe hakuijua. Binti alipopiga simu kuuliza kama anaipanda, jibu lilimtoka kabla hajalipima: kila asubuhi, mwanangu. Akaongezea na kilomita. Ili asiwe mwongo mtupu, kila asubuhi aliibeba baiskeli kwapani hadi kwenye kona ya barabara, akasimama nayo kidogo, akairudisha. Mkewe hakuuliza kitu. Kwake ilitosha kwamba mzee katoka.

Mwezi wa tatu binti, kwa wema wake uleule, akaona haifai baba kuendesha peke yake. Akatafuta mtandaoni akakuta Chama cha Mwendo Pole, wenye baiskeli za kukunja, matembezi Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, hakuna mashindano, hakuna haraka. Akamwandikisha. Kisha akaahidi kwamba akija likizo mwezi wa saba ataandamana nao kwa miguu ili amwone kwa macho yake baba akiendesha. Mzee akashukuru, akakata simu, akakaa kitandani. Kujidhalilisha mbele ya dunia nzima angeweza kuvumilia, lakini si mbele ya mtoto huyu mmoja.

Chama kilikutana mbele ya maktaba saa mbili asubuhi, watu kumi na wanne. Mwenyekiti alikuwa daktari wa meno. Siku tano kwa wiki kazi yake ilikuwa kuwaambia watu watulie, na siku ya sita hakujua kuacha. Alifungua matembezi kwa hotuba ya dakika ishirini na tano kuhusu ubaya wa haraka, kisha akagawa Kanuni za Utulivu, kurasa sita. Kumpita mwenzako kulihitaji ruhusa. Kengele ilipigwa mara moja tu, tena taratibu. Jasho halikukatazwa, ila mtu mwenye jasho aliombwa ajitafakari. Na kila baada ya dakika kumi walisimama kunywa chai, na kila waliposimama baiskeli zilikunjwa zikaingizwa mgahawani mikononi mwa wenyewe, kwa sababu, kama alivyofafanua Mwenyekiti, baiskeli ya kukunja isiyokunjwa ina tofauti gani na baiskeli?

Kwenye kukunja hapo ndipo Mzee Masjala alipowaacha midomo wazi. Wenzake walibanwa vidole, walipigana na makomeo, mmoja alikuwa na plasta tayari mfukoni. Yeye alimaliza, akaipangusa, akasimama kando mikono nyuma. Minong'ono ikapita kwamba huyu mgeni si wa kuchezewa.

Halafu wakaambiwa wapande. Mzee akashika usukani, akavuta pumzi, akaanza kutembea huku akiikokota baiskeli pembeni yake. Chama kilikwenda polepole kiasi kwamba hakuachwa hata hatua tano.

Kwenye chai ya kwanza Mwenyekiti akamsogelea akamuuliza kama tairi zina tatizo. Hazina. Breki? Hazina. Mnyororo? Uko sawasawa.

"Sasa mbona hupandi, mzee wangu?"

Mzee Masjala akatafuta jibu lisilo la uongo. "Sina haraka," akasema.

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. Miaka mitatu mtu huyu alikuwa akihubiri utulivu, na katika miaka mitatu hiyo hakuna aliyemwelewa, wala yeye mwenyewe hakuwa amejielewa vizuri. Akageuka kuwatazama wenzake mezani, akarudia maneno yale mawili mara mbili, na mwalimu wa hesabu aliyekuwa katibu akayaandika.

Mwezi wa tano watu watatu walikokota. Hakuna aliyewalazimisha, walisema tu kwamba miili yao imewaomba. Kwenye kundi la simu mjadala ukawaka: je, kupanda baiskeli kabisa si namna fulani ya pupa? Waliopanda wakaanza kujieleza. Mmoja akaleta cheti cha daktari kuthibitisha kwamba goti lake halimruhusu kutembea, kwa hiyo inambidi aendeshe, na wakamhurumia. Mwezi wa sita waliokokota wakawa tisa, na Mzee Masjala, aliyekuja akitetemeka asigundulike, akatawazwa Mshauri Mkuu wa Utulivu na kuvishwa utepe wa njano. Alijaribu kukataa. Wakasema wamelitarajia hilo, unyenyekevu wake unajulikana.

Mtu mmoja tu hakuwemo katika mambo haya. Alikuwa mkunga wa zahanati, mama wa makamo mwenye mikono minene na baiskeli iliyochubuka rangi, aliyejiunga kwa sababu alitaka kupunguza presha na si kutafuta falsafa. Siku hiyo ya utepe alimvuta mzee kando ya meza.

"Mzee, wewe hujui kuendesha," akamwambia, si kwa ubaya.

Katika miezi yote ile hakuna aliyekuwa amefikiri jambo rahisi kama hilo. Mzee akatazama chai yake ikipoa. Akakiri. Na alipokwisha kuanza akashindwa kunyamaza, akamweleza habari za binti, za kila asubuhi, za kilomita, na za mwezi wa saba unaokuja kama deni la mauti. Mkunga akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema amewahi kuzalisha watu wenye woga mkubwa kuliko huo, na mwezi mzima ni muda mwingi. Wakutane kesho alfajiri, nyuma ya wodi ya wazazi.

Ulikuwa uwanja wa kuanikia mashuka. Wiki ya kwanza mzee aliangukia mashuka, wiki ya pili ua, wiki ya tatu mashuka tena, na kina mama waliojifungua wakawa wanajitokeza dirishani na vichanga vyao kumtazama. Mkunga alikimbia nyuma yake ameshika kiti cha baiskeli. "Kila siku nawaambia watu wasukume," alisema akihema. "Wewe peke yako ndio nakuambia uache kusukuma, na hunisikii." Goti la mzee lilichunika, sikio likapata mkwaruzo ambao mkewe aliambiwa ni wa tawi. Kisha asubuhi moja alifika kwenye tangi la maji, akageuka kwa mkupuo mmoja wa kutisha, akarudi, na ndipo alipoona kwamba mkunga amesimama kule alikoanzia, mikono kiunoni. Alifurahi hadi akaogopa. Miaka sitini na moja alikuwa ametembea, kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba binti alifika mbele ya maktaba na baba yake, amevaa viatu vya kutembelea. Chama kizima kilikuwa kimejipanga mistari miwili, kila mtu amesimama kando ya baiskeli yake. Mwenyekiti akamkaribisha kwa heshima zote, akamwambia kwamba kwa ajili ya siku hii, na kwa kumuenzi Mshauri, hakuna hata mmoja atakayepanda. Hata mwenye goti ameahidi kujikongoja.

Binti akamwinamia baba yake. "Baba, hawa wote baiskeli zao zimeharibika?"

Mzee alivua utepe wa njano, akaukunja mara nne, akautia mfukoni, akarusha mguu, akapanda. Baiskeli iliyumba kushoto, ikayumba kulia, ikakubali. Akampita katibu. Akampita mwenye goti. Akampita Mwenyekiti mwenyewe bila ruhusa na bila kengele, maana kuachia mkono apige kengele kungemwangusha, akaenda hadi mwisho wa barabara akageuka, akarudi ameng'ata meno, akasimama kwa msaada wa ukuta wa maktaba.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alikuwa mweupe kama mtu aliyeng'olewa jino bila ganzi. Alisema kwa upole mkubwa kwamba Mshauri amewaangusha, kwamba jasho analoliona usoni pake linasikitisha, na kwamba Kanuni ya nne, ya kumpita mwenzako bila ruhusa, haina njia ya mkato. Kura ya kumfukuza ikapigwa palepale. Katibu alipofika kwa mkunga, mkunga akamwambia amwandike na yeye kwenye wanaofukuzwa, akapanda baiskeli yake iliyochubuka akaenda zake. Mzee akarudisha utepe. Chama kikaondoka kikikokota kuelekea chai.

Baba na binti wakachukua njia ya nyumbani, baiskeli katikati yao. Mzee alikuwa amejaa furaha, akingoja aambiwe neno. Walipoivuka barabara kubwa, binti akamgeukia.

"Mtu anayeendesha kila asubuhi hayumbi vile, Baba."

Mzee akasema kweli. Alisema yote, la kona ya barabara, la mashuka, hadi la baba yake. Alisema hakuwahi kupanda baiskeli hadi mwezi uliopita, na alitegemea binti atacheka, kwa sababu jambo lenyewe sasa lilikuwa limeisha na lilichekesha.

Binti hakucheka. Alisimama. Akamuuliza kama anakumbuka baiskeli nyekundu aliyoletewa na mjomba wake alipotimiza miaka saba.

Mzee alikumbuka. Iliozea uani.

"Kila Jumapili nilikuomba unifundishe. Kila Jumapili ukasema faili zinakungoja." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina ugomvi. "Nilikuamini. Halafu nikakua, nikajua ofisi ya ardhi haifunguliwi Jumapili. Nikaona basi, baba yangu hapendi kukaa na mimi. Sikukulaumu. Watu wengine wako hivyo."

"Si hivyo," mzee akasema. Mikono yake ilikuwa imekaza usukani. "Mwanangu, si hivyo hata kidogo."

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Nilikuwa nakwenda ofisini kweli. Geti limefungwa, nakaa pale kwenye ngazi za nje. Nangoja giza liingie, ili nikirudi nikukute umeshalala, usiniombe tena."

Binti alimtazama baba yake, kisha akaitazama ile baiskeli ndogo ya kijani.

"Sikuwa nimelala," akasema.