Kiwanja cha Silvana

Siku viwanja vilipogawiwa, Clemens alidamka mapema akajipanga mbele kwenye foleni, maana alijua anachotaka: kiwanja kilicho karibu na kisima na mbali kidogo na upepo. Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji, katikati ya kiangazi. Watu waliokuwa wametawanyika upande wa Mollo, huko Ufipa, walikuwa wamehamishiwa kwenye uwanda wa nyasi uliopimwa kwa kamba na vigingi. Alikipata alichokitaka. Alipogeuka aondoke, akamwona binti yake Silvana naye yumo kwenye foleni, kanga kaifunga vizuri, anasubiri zamu yake.

Silvana alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alizaliwa na uso wa mviringo, macho yaliyopanda kidogo pembeni, na vidole vifupi vinene. Wakati ule majirani walinong'ona mengi, wengine wakimwambia mama yake, Dominika, kwamba kuna mizimu haikuridhishwa. Ni muuguzi mmoja wa misheni aliyewakalisha chini akawaeleza kwamba hali hiyo inaitwa Down, kwamba mtoto huumbwa nayo tumboni, na si laana ya mtu wala kosa la mama. Atachelewa kutembea, alisema, atachelewa kusema, na moyo wake hautapenda vilima. Lakini atajifunza, mradi asiachwe nyuma. Dominika aliyashika maneno yale yote. Clemens aliyashika nusu. Alimpenda binti yake mno, akamlinda kama yai, na miaka ikapita yeye bado anamwona mtoto.

Sasa akamsogelea, akamwambia kwa upole kwamba kiwanja chao wameshapata, waende nyumbani. Silvana hakutoka. Zamu yake ilipofika, mwenyekiti wa kijiji, mzee Adolfu, alimtazama, akamtazama Clemens, akacheka kidogo bila ubaya.

"Mwanangu, kiwanja ni cha mtu mzima."

"Mimi mzima," akasema Silvana.

Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini hilo kila mtu alilisikia. Kama alimaanisha kwamba umri umetimia, au kwamba hana kilichopungua, hakuna aliyejua, wala hakutokea wa kumbishia. Adolfu alikuna kidevu, kisha akasema sharti ni lile lile kwa wote: asiyesimamisha nyumba kabla ya mvua, kiwanja kinarudi kijijini. Akaenda mwenyewe kupigilia vigingi, ubavuni mwa kiwanja cha wazazi wake.

Clemens alifika kwenye kibanda chao cha muda amefura kwa hasira. Alimlaumu mwenyekiti, akamlaumu na mkewe. Dominika alikuwa akichambua maharage, hata kichwa hakuinua. Alimwuliza tu: siku sisi wawili tutakapokuwa hatupo, huyu atakuwa anaishi kwa nani?

Swali lile lilimkosesha Clemens usingizi, akaamua kwamba atamjengea yeye. Asubuhi akabeba jembe na kalibu ya matofali, akaenda, na akamkuta Silvana ameshafika, miguu imezama topeni, anakanyaga udongo. Kazi hiyo aliijua. Tangu utoto alikuwa akimtekea baba yake maji na kumkanyagia udongo kila alipofyatua matofali. Ambacho hakuwahi kupewa ni kalibu. Clemens alipoinama afyatue la kwanza, Silvana akaikamata upande wa pili, wakavutana hadi baba akaachia.

"Nionyeshe kwa mdomo, Tata," akamwambia baba yake.

Basi Clemens akakaa juu ya jiwe, na kukaa kule kulimchosha kuliko kulima. Matofali ya kwanza yalitoka yamepinda pembe, na mkono ulimwasha Clemens akitamani kuyanyoosha. Silvana alifanya kazi kwenye ubaridi wa asubuhi hadi pumzi ikawa nzito, akaketi, akanywa uji, akaanza tena. Hakuwa na haraka. Wapita njia walisimama kumshangaa mwanzoni. Baadaye wakawa wanamsalimu tu na kupita, kama mjenzi mwingine yeyote.

Ukuta wa upande wa mashariki ulipofika usawa wa kifua chake, uliinama, ukaanguka. Silvana alikaa kwenye vumbi akalia kwa sauti. Clemens alisema moyoni kwamba yamekwisha, akamshika mkono ampeleke nyumbani. Silvana akapangusa machozi kwa kanga, akautoa mkono wake polepole, akaanza kuokota vipande na kuvirudisha kwenye maji vilainike.

Hapo ndipo jambo fulani lilipogeuka ndani ya Clemens. Alikwenda nyumbani, akarudi na kamba iliyofungwa jiwe mwishoni. Akamwambia aining'inize kando ya ukuta: ukuta ukienda sambamba na kamba, endelea, ukiikimbia, bomoa. Tangu siku hiyo Silvana hakupanga safu bila kuiuliza kamba yake. Jioni moja aliining'iniza hata kwenye nyumba mpya ya wazazi wake, akatazama, akatikisa kichwa.

"Tata, yako imelala."

Dominika alicheka hadi akashika ubavu.

Kuezeka, Ufipa, hakuna ajiezekeaye peke yake, na Silvana naye aliezekewa kama wengine. Wanawake walileta mizigo ya nyasi vichwani, Dominika akatoa pombe ya ulezi, mzee Adolfu akapanda juu na vijana. Silvana alisimama chini akinyoosha kidole kila alipoona mwanga unapenya. Mvua za kwanza ziliponyesha, hapakuvuja hata tone. Kwenye mkutano wa kijiji, Adolfu alipoita wenye nyumba mmoja mmoja, akaita na Silvana Clemens, naye akaitika "Nipo!" kwa sauti iliyowashtua kuku.

Jumapili iliyofuata Clemens alikwenda kumtembelea. Mkono wake ulishaenda kuusukuma mlango, kama alivyosukuma milango ya nyumba zote alizoishi na binti huyu. Akaurudisha. Akasimama wima, akakohoa.

"Hodi."

Ndani kulisikika mwiko ukigonga chungu. Akapiga hodi tena.

"Subiri, Tata. Nasonga ugali."

Akasubiri. Upepo ulikuwa mkali, na majirani waliokuwa wakitoka kanisani walimwuliza anangoja nini nje kwenye baridi yote ile. Clemens akawajibu, kifua mbele, kwamba amekuja ugenini, na mwenye nyumba hajamfungulia bado.