Nilivyowapaka Watu wa Misima Utajiri

Jamani, aibu hii nimeificha miaka, leo naisema, mcheke mmalize. Enzi za Mwingereza nilikuwa karani Handeni, kijana wa kaptula iliyopigwa pasi ikanyooka, na Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, akanituma kijiji cha Misima nihesabu watu na hali za nyumba zao, nani ana kiti, nani ana taa, nani ana vikombe, kisha nipake ramani: wenye navyo kijani, mafukara nyekundu, maana njaa ilikuwa imeingia na mahindi ya serikali yangepelekwa kwenye nyekundu tu.

Kosa langu lilikuwa dogo. Nilimtumia jumbe, mkuu wa kijiji, habari siku moja kabla kwamba karani anakuja, na karani hakai chini (kaptula, mnaelewa).

Basi nikapokelewa! Nyumba ya kwanza kiti cha kuegemea, taa ya chemli, chai kwenye kikombe cha maua. Ya pili vile vile, ya tatu vile vile, na kila nikikaa, fundo la kamba ya katani kwenye kiti linanifinya paja lile lile, nami kwa akili zangu nyingi nikasema kumbe Misima nzima ina fundi mmoja. Kumbe nikishaaga, nikisimama uani kuandika kwa madaha, akina mama wanakimbiza kila kitu kupitia mihogoni, wananitangulia kwa jirani. Misima nikaipaka kijani tupu.

Bwana Shauri akaja barazani na ramani yangu, akawatangazia kuwa watu wenye viti na taa hawapewi mahindi. Jumbe akainuka taratibu.

"Bwana Mkubwa, kiti Misima ni kimoja, cha mwalimu. Ndicho hicho ulichokikalia."

Watu waliangua kicheko, na wengine walikuwa na njaa hata kucheka kuliwachosha. Bwana Shauri akanigeukia, uso mwekundu kuliko wino wangu.

"Karani, wewe ulihesabu nini?"

"Kiti, Bwana."

Nikapiga magoti mavumbini mbele ya kadamnasi, nikaanza kupaka ramani upya. Mama mmoja mzee akainama karibu yangu.

"Tusamehe mwanangu, ulikuwa mgeni. Tuliona haya ukae chini."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha! Mahindi yalichelewa wiki tatu, na wiki zote hizo wao walikula viazi pori vya kulowekwa kutoa sumu, kwa sababu makalio yangu yalipenda raha. Tangu hapo nikitumwa kwa watu sitangulizi habari. Napiga hodi tu, nakaa chini na kaptula yangu, naomba nionyeshwe chungu kilichopo jikoni.