Gia ya Mpingo

Baba alikuwa mchonga vinyago katika soko la Gikomba. Siku moja, nikiwa mtoto, aliniletea gunia la matofali ya plastiki ya kuchezea, ya mitumba, nikaunda kreni. Ilikosa gia moja. Akaichonga kwa mpingo, jino baada ya jino. Kreni ikainua kikombe chake cha chai huku ikilia kwee, kwee.

Mwaka jana, mtu mzima mpumbavu mimi, nilinunua mtaani Eastleigh seti ya matofali kama yale, yenye gia za aina mpya, zisizokwaruza. Nikaing'oa ile ya mpingo kwenye kreni yangu ya utotoni, nikaitupa. Kreni ikazunguka kimya. Baba akaitazama, akasema, "Sasa iko sawa."

Baada ya mazishi yake niliitafuta gia ile nyumba nzima.

"Aliiokota," mama akaniambia. "Alikuwa anatembea nayo kwa mfuko wa koti."

Ndilo koti tulilomzika nalo.