Mwenye Kadi Anasaga Kwanza

Kofi la kwanza lilimkuta Mama Mashine ameinama akifunga gunia. Kabla hajageuka, teke likampata mbavuni, akaangukia unga. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, foleni ya wateja imejaa hadi barabarani. Vijana watano walikuwa wamevamia chumba chake cha kusagia, na mmoja alishika nondo.

“Wewe ndiye unayejifanya tume ya uchaguzi?” aliuliza mwenye nondo.

Mama Mashine alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili. Mumewe alimwachia mashine ya kusaga nafaka na jina hilo la utani, na ulimi mkali alizaliwa nao. Watu walisema ukienda kwake na mahindi, unarudi na unga na masimango. Uandikishaji wa wapiga kura ulipofunguliwa, aliwasikia wateja wale wale wanaosimama kwake saa mbili nzima wakisema hawana muda wa kusimama kwenye kituo.

“Foleni mnaijua, tatizo ni uvivu,” akawaambia. “Kuanzia leo, mwenye kadi anasaga kwanza.”

Walicheka, kisha wakanuna, kisha wakaenda kujiandikisha. Jirani yake, fundi viatu, aliandika orodha ya wazee wasioweza kutembea, na jioni wakawatafutia mikokoteni ya kuwapeleka kesho yake. Ndani ya siku tisa watu zaidi ya mia tatu walikuwa wamejiandikisha, wengi wao akina mama ambao diwani hakuwahi kuwahesabu.

Diwani, aliyekuwa akitetea kiti chake, hakufurahi. Alimtuma mume wa mdogo wake Mama Mashine, aliyekuwa akimfanyia kazi ambazo hazina jina.

“Shemeji, acha hayo mambo,” alisema, macho yakiwa chini. “Mzee amekasirika.”

“Mimi nasaga mahindi. Mzee ameingia lini kwenye mashine?”

“Mimi nimeshakwambia.”

Siku mbili baadaye wakaja wale watano. Wanne walijifunga vitambaa usoni. Wa tano alibaki mlangoni, uso wazi, na alikuwa ni yeye shemeji.

Mama Mashine alichota unga akamrushia mwenye nondo machoni. Akanyakua jiwe la mizani la kilo mbili, akampiga nalo aliyekuwa karibu. Meno yakadondoka sakafuni. Fundi viatu akaingia mbio na nyundo yake, lakini hakufika mbali. Nondo ilimpata jichoni, akakaa chini kama mtu aliyechoka, damu ikimtoka kati ya vidole. Jicho lile halikuona tena.

“Mkono,” shemeji alisema pale mlangoni. “Wa kulia.”

Wawili wakamkandamiza Mama Mashine juu ya gunia. Nondo ikashuka mara mbili. Mara ya kwanza alipiga kelele. Mara ya pili sauti haikutoka.

Foleni ilikuwa imetawanyika. Lakini mama mmoja aliyekuwa amejificha nyuma ya ukuta aliusikia ukelele ule, akaokota jiwe. Wengine wakaokota. Wale vijana walipotoka walikutana na mvua ya mawe, wakatimua mbio kila mmoja na njia yake. Shemeji alijikwaa kwenye debe la mtu, na hapo hapo watu wakamfunika.

Mama Mashine alitoka akijishikilia ukutani. Alimwona shemeji yake amelala kifudifudi, shati limechanika, mgongo mzima ni damu. Mtu alikuwa ameshaleta tairi. Mwingine alikuwa ameshika chupa ya mafuta ya taa.

Hakufikiri sana. Alijilaza juu yake.

“Mama, toka! Huyu si ndiye aliyekuvunja?”

“Ni yeye!” alifoka, uso kwenye vumbi. “Na mkimuua, mdogo wangu atakuwa mjane kama mimi. Na nyinyi mtakuwa jela siku ya kupiga kura. Mnadhani diwani ataomba nini zaidi ya hicho?”

Jiwe moja likarushwa hata hivyo, likampata begani. Kisha mikono ikaanza kushuka. Shemeji alikuwa akilia chini yake.

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya uandikishaji. Mama Mashine, aliyewasukuma watu mia tatu, mwenyewe alikuwa bado; kila siku alisema kesho. Alifika kituoni mkono umefungwa plasta hadi kiwiko, na karani akachukua alama za vidole vya kushoto.

Uchaguzi ulipofika, diwani alishindwa kwa kura sitini na moja. Hakushtakiwa. Shemeji alifungwa miaka minne, na hakumtaja aliyemtuma.

Mdogo wake Mama Mashine alikaa miezi mitano bila kumsalimia. Kisha mchana mmoja akaingia kwenye chumba cha kusagia, mikono mitupu.

“Dada, ungeacha wamuue ningekuchukia,” alisema. “Umemwokoa, ukatoa ushahidi akafungwa, na bado nakuchukia. Sijui nifanyeje.”

Mama Mashine alizima mashine kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukunyooka tena.

“Kaa,” alisema, akimsogezea kigoda. “Nichukie ukiwa umekaa. Nitakupa chai.”

Mdogo wake akakaa.