Aliyembandika Mwanawe kwenye Roshani ya Seneti

Mama aliyetuuzia chai na chapati pale Dandora, Nairobi, karibu na jalala, ametutoka. Shinikizo la damu. Habari zilinikuta Njiru, ninakohamia kila ninapochoka na Lucky Summer, nikaja mazishini na huzuni tu. Nilirudi na hasira, na bado ninayo.

Ukutani mwa kibanda chake palikuwa na fremu aliyoletewa na mwokotaji taka mmoja badala ya pesa za chai. Ndani yake mlikuwa na mchoro wa kale wa kuchongwa na kupigwa chapa, mistari myembamba kama nywele: ukumbi umejaa wanaume wa makoti marefu, mmoja amesimama akihutubia, na juu yao roshani imefurika wasikilizaji. Mama alitaka kioo tu, aweke picha ya kifungua mimba wake, aliyeuawa kwenye ghasia za uchaguzi alipoenda kusikiliza mkutano wa hadhara. Kabla hajautoa mchoro aliniuliza, "Baba, wewe ulifika kidato cha nne. Hawa wazungu wanabishania nini?" Nikasoma maandishi ya chini: Seneti ya Marekani, mjadala wa utumwa. Nikamwambia kwamba walihutubiana, wakapatana, na miaka kama kumi baadaye nchi yao ikapigana yenyewe kwa yenyewe.

"Huyu anayeongea aliuawa vitani?"

"La, Mama. Alikufa mzee, kwa ugonjwa, vita havijaanza."

"Sasa nani alipigana?"

"Vijana."

"Basi hii picha naijua."

Hakuutoa. Alikata uso wa mwanawe kwenye picha ndogo ya pasipoti, akaubandika juu roshanini, katikati ya wasikilizaji. Wateja wakamtania, "Mathe, kijana wako amekuwa seneta!" Akawajibu, "Seneta angekuwa hai."

Aliacha wosia mmoja: siku ya kumuaga, mwanasiasa asishike maikrofoni. Binti yake alisimama mbele ya jeneza akausema wazi. Msaidizi wa mheshimiwa mmoja aliyelipia hema akamnong'oneza hadi sote tukasikia: "Siste, tulia bana. Hili hema ni la mheshimiwa. Ni dakika mbili za pole."

"Basi ng'oeni hema lenu."

Wazee wa kamati ya mazishi wakamshika mkono, wakamkalisha. Mheshimiwa akatoa pole, akakosea jina la marehemu, kisha akamgeukia mpinzani wake aliyeketi safu ya mbele na kumwita mwizi. Mpinzani akainuka kujibu. Vijana wa huku na wa kule wakarukiana, viti vikaruka, na binti akapasuliwa nyusi akilikinga jeneza la mamake. Waheshimiwa wote wawili waliondoka na vioo vya magari vimepandishwa.

Wahenga walisema maneno matupu hayavunji mfupa. Wahenga hao hawakuwahi kuketi mbele ya jukwaa huku kwetu Eastlands. Hapa anayesema huenda kula chakula cha mchana. Anayesikiliza ndiye hupelekwa hospitali, na mwaka ukigeuka tunampigia makofi msemaji yule yule.

Lakini waheshimiwa nawajua, sipotezi hasira yote kwao. Nyingine ni ya ile kamati, watu wazima waliomnyamazisha mfiwa kwa sababu ya turubai la kukodi. Mfiwa akikataa, amekataa. Hema likiwa na masharti, lirudi lilikotoka, tuzikane juani. Sijaona maiti aliyelalamikia jua.